Wanafunzi wa Saikolojia Wasiende Kutalii Katika Vitengo vya Usonji

Ipo fomu moja ambayo wasomaji wengi wa ukurasa huu ama wameijaza ama wamejaziwa. Ni fomu ya tathmini ya mwanafunzi wa chuo kikuu aliyepelekwa mahali pa kazi kwa mafunzo kwa vitendo. Ina safu ya mahudhurio, safu ya unadhifu, safu ya nidhamu, safu ya ushirikiano na wafanyakazi, na chini kabisa ina nafasi ya saini na muhuri. Miezi michache iliyopita nilionyeshwa fomu ya namna hiyo katika shule moja ya msingi yenye kitengo cha watoto wenye usonji. Kijana aliyejaziwa fomu ile alikuwa akisomea saikolojia, na alikaa kitengoni wiki nane. Alipata alama za juu katika kila safu. Niliisoma fomu toka juu hadi chini, nisione hata mahali pamoja palipomtaja mtoto.

Niliuliza habari zake. Mwalimu anayekiongoza kitengo kile, mama wa makamo aliyeifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka kumi, alinieleza bila uchungu wowote, kama mtu anayesimulia jambo la kila siku. Msimamizi kutoka chuoni alifika mara moja tu. Aliketi ofisini kwa mwalimu mkuu, akatia saini katika kitabu cha wageni, akazungumza na mwanafunzi wake kwa muda usiotimia saa nzima, akaondoka kwenda kituo kingine. Darasani hakuingia.

"Kijana mwenyewe alikuwa mwema, ndugu mwandishi," mama yule aliniambia. "Wiki za kwanza nilimfundisha mimi jinsi ya kukaa na mtoto asiyesema. Alipoanza kuelewa, siku zake zikawa zimekwisha. Mwakani ataletwa mwingine, nami nitaanza tena na alifu."

Akaongeza kwamba mtoto mmoja wa kiume, ambaye alikuwa amezoea kupokewa langoni na kijana huyo kila asubuhi, alikaa siku nyingi akikataa kupita pale langoni, akilia na kujiuma mkono. Wakati huo fomu ilikuwa imekwisha pigwa muhuri.

Siandiki haya ili kumsuta kijana yule, wala chuo chake, ambacho sikitaji. Kosa hili si la mtu mmoja. Ni kosa la utaratibu mzima, na wanaouendesha utaratibu huo ni sisi wenyewe: wakufunzi wa vyuo, maofisa elimu, maofisa utumishi, walimu wakuu, na sisi waandishi tunaoona mambo tukanyamaza. Ninalolisema ni hili. Mwanafunzi wa saikolojia hana budi kwenda kwa watoto wenye usonji, tena kwa muda mrefu kuliko wiki nane. Lakini aende akiwa mwanafunzi wa mwalimu wa kitengo, na mwalimu huyo atambuliwe, alipwe na asikilizwe na chuo kikuu kama mkufunzi kamili. Bila ya hivyo, hicho tunachokiita mafunzo kwa vitendo ni utalii mtupu, na nauli ya utalii huo hulipwa na mtoto.

Wako watakaouliza kwa nini jambo hili lipewe nafasi gazetini wakati nchi bado ina upungufu wa madarasa na madawati. Swali hilo lina haki ya kujibiwa. Usonji ni hali inayohusu ukuaji wa ubongo, nayo huanza utotoni kabisa. Mtoto mwenye usonji hupata taabu katika kuwasiliana na kuhusiana na wenzake. Hushikilia sana mpangilio aliouzoea, hurudia matendo au maneno yale yale, na mara nyingi sauti, mwanga au mguso ambao sisi wengine hatuujali humwumiza yeye. Wako wasiosema maisha yao yote, na wako wanaosema vizuri wakafika hata vyuo vikuu. Usonji si laana, si jini, wala si matokeo ya malezi mabaya ya mama.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 katika kila watu 127 duniani alikuwa na usonji. Sensa yetu ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Tukigawanya idadi hiyo kwa kadirio hilo tunapata watu zaidi ya 480,000. Hii si sensa ya usonji. Ni hesabu ya kalamu na karatasi. Lakini hata msomaji mwenye shaka akiikata nusu, bado utabaki umati wa kujaza wilaya nzima. Watu hao wako Dar es Salaam, ambako shule kama Msimbazi Mseto ina kitengo cha watoto wa namna hiyo. Na wako vilevile Namtumbo, Kakonko na Micheweni, ambako mzazi anaweza kumlea mtoto wake hadi utu uzima asipate kuambiwa jina la hali aliyo nayo.

Ipo pia kasumba kwamba usonji ni ugonjwa wa Wazungu. Ni kweli kwamba maelezo ya kwanza yaliyoenea duniani yaliandikwa Marekani, mwaka 1943, na daktari Leo Kanner wa mjini Baltimore, aliyeeleza habari za watoto 11. Lakini jambo kuandikwa Baltimore hakuna maana kwamba limeanzia Baltimore. Mwaka 1978 mtafiti Victor Lotter alichapisha taarifa ya uchunguzi wake katika nchi kadhaa za Afrika, na watoto wenye hali hiyo aliwakuta. Msomi wa leo anayesema kwamba usonji umeletwa na televisheni na maisha ya mjini anarudisha nyuma saa kwa zaidi ya miaka arobaini.

Historia ya elimu hii inatuonyesha pia hatari ya wasomi kuwatolea hukumu watu wasiotaka kuwasikiliza. Mwaka 1967 Bruno Bettelheim, aliyekuwa akiongoza shule ya watoto wenye matatizo mjini Chicago, alitoa kitabu kilichodai kwamba chanzo cha usonji ni ubaridi wa wazazi, na hasa wa mama. Dhana hiyo iliaminiwa na wengi, na akina mama wasio na hatia wakabebeshwa mzigo wa aibu kwa miaka mingi. Ilhali mwaka 1964 Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye mwanawe mwenyewe alikuwa na usonji, alikuwa amekwisha andika kitabu akionyesha kwamba chanzo kitafutwe katika ubongo, si katika mapenzi ya mama. Rimland aliyajua hayo kwa kusoma, lakini pia kwa sababu alilala nyumba moja na mtoto huyo na kuamka naye.

Katika jimbo la North Carolina, huko huko Marekani, Eric Schopler na wenzake walichukua njia nyingine. Walimfanya mzazi kuwa mshiriki wa tiba. Mzazi aliketi nyuma ya kioo kinachoonyesha upande mmoja, akatazama jinsi mfanyakazi anavyomfundisha mtoto. Halafu akaingia yeye, na mfanyakazi akatazama. Mwaka 1972 mpango huo, uitwao TEACCH, ulifanywa na bunge la jimbo hilo kuwa mpango wa jimbo zima, ukiwa chini ya chuo kikuu kilichoko Chapel Hill. Chuo kikuu, kituo cha huduma na nyumba ya mzazi vikawa chombo kimoja. Sisemi tuige kila kitu chao. Nasema kwamba hapo msomi alikubali kutazamwa na mzazi wakati akifanya kazi, na huo ni ujasiri ambao wasomi wetu wengi bado hawajauonyesha.

Je, wanafunzi wanaweza kazi hii? Wanaiweza. Mwaka 1987 Ivar Lovaas wa chuo kikuu cha California mjini Los Angeles alichapisha matokeo ya kazi yake na kundi la watoto 19 wadogo wenye usonji, waliofundishwa saa 40 kwa wiki kwa muda wa miaka miwili au zaidi. Alidai kwamba 9 kati yao walifikia kiwango cha watoto wa kawaida shuleni. Madai hayo yamebishaniwa tangu hapo hadi leo. Lakini jambo moja halina ubishi: waliokuwa wakikaa na watoto hao saa kwa saa walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu, waliofunzwa na kusimamiwa.

Lakini taarifa hiyo hiyo ina jambo lingine ambalo wanaoisifu hupenda kuliruka. Mtoto aliyefanya lisilotakiwa aliweza kukemewa kwa sauti kubwa, na mara nyingine kupigwa kofi pajani. Vijana wale walifanya walivyofundishwa. Leo njia hiyo imeachwa na kulaaniwa, na miongoni mwa waliosimama kuilaani ni watu wenye usonji wenyewe, ambao wamekua na kupata sauti yao. Kwa hiyo ndugu msomaji ashike mambo yote mawili kwa pamoja. Mwanafunzi anaweza kuwa mkono wa maana sana katika kazi hii. Na mwanafunzi huyo huyo atafanya chochote atakachokiona kwa mkubwa wake, chema au kiovu. Ndiyo sababu swali la nani anamsimamia, na anamsimamia akiwa wapi, si swali dogo la kiofisi.

Kwetu kuna sababu ya pili ya kumtaka mwanafunzi ajifunze kitengoni badala ya kujifunza kitabuni peke yake. Vipimo vya usonji vinavyofundishwa vyuoni vilitungwa katika nchi za wengine, kwa desturi za wengine. Kipimo kinachosifiwa kuliko vyote, kiitwacho ADOS, kina sehemu ambapo mtoto mdogo hualikwa katika sherehe ya siku ya kuzaliwa ya mwanasesere, pamoja na keki na mishumaa, ili ionekane kama atashiriki katika mchezo. Mtoto wa Ulanga ambaye hajapata kuona mshumaa ukichomekwa katika chakula ashiriki nini hapo? Vipimo hivyo hutazama pia kama mtoto anamtazama mtu mzima machoni. Katika nyumba ngapi za nchi hii mtoto huambiwa kwamba kumkodolea macho mkubwa ni utovu wa adabu? Mwanafunzi aliyekariri kipimo bila kukaa na watoto wetu atamwita mgonjwa mtoto mwenye adabu, na atampita mtoto mwenye usonji kwa kumdhania mkaidi. Mwalimu wa kitengo hafanyi kosa hilo kwa urahisi. Yeye ameona watoto wengi, kwa Kiswahili, katika mazingira yao wenyewe.

Sasa tuwajibu wapinzani, maana nawajua, na baadhi yao ni rafiki zangu tuliosoma pamoja.

Wa kwanza husema: tusubiri mpaka tuwe na wataalamu wa kutosha, ndipo tupeleke wanafunzi. Huyu anafanana na mtu asemaye kwamba hataingia majini mpaka ajue kuogelea. Wataalamu hao watatoka wapi, ikiwa wanafunzi wa leo hawafunzwi? Shirika la Afya Duniani lenyewe limetunga mpango wa kuwafundisha wazazi na walezi wa watoto wenye matatizo ya ukuaji, wenye vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, na limeutunga makusudi uweze kuendeshwa na watu wasio mabingwa, mradi wamefunzwa na wanasimamiwa. Jambo likiwezekana kwa mhudumu wa afya wa kijijini, haliwezi kumshinda kijana wa mwaka wa tatu wa chuo kikuu.

Wa pili husema kinyume chake: wapelekeni tu, mikono ni mikono, walimu wamezidiwa. Huyu ndiye wa hatari zaidi, kwa sababu maneno yake yana sura ya huruma. Kwake yeye mwanafunzi ni kibarua asiyelipwa, na kitengo ni mahali pa kupunguzia tatizo la nafasi za mafunzo. Hajiulizi mtoto anapata nini. Mtoto mwenye usonji hutegemea kwamba kesho itafanana na leo. Kumletea sura mpya kila baada ya wiki nane, bila kumwandaa kwa ujio wake wala kwa kuondoka kwake, ni kumbomolea kila mara nyumba ambayo mwalimu wake ameijenga kwa miezi. Msaada wa namna hiyo ni afadhali usije.

Wa tatu husema: hakuna fedha. Huyu nitamjibu kwa hesabu. Mwanafunzi mwenye mkopo hupewa na Bodi ya Mikopo fedha za mafunzo kwa vitendo. Msimamizi wa chuo husafiri kwa posho. Kwa hiyo fedha zipo, na zinatembea. Isipokuwa zinampita mtu mmoja tu, naye ndiye aliyefundisha. Mama yule niliyemtaja hajapata hata shilingi moja kwa kufundisha wanafunzi wa chuo kikuu mwaka hadi mwaka. Hajapata hata barua ya shukrani. Katika fomu jina lake liliandikwa mahali pa "mwenyeji". Mtu anayefanya kazi ya mkufunzi, akaitwa mwenyeji ili asilipwe, ananyonywa. Na neno hilo nalitumia nikijua maana yake.

Nchi nyingine hazikuogopa jambo hili. Nchini Uingereza mwanafunzi wa shahada ya udaktari katika saikolojia ya tiba husoma miaka mitatu akiwa mwajiriwa wa huduma ya afya ya taifa, na sehemu kubwa ya muda huo huwa kazini chini ya wasimamizi. Tuseme kwamba Uingereza ni tajiri. Afrika Kusini mwanasaikolojia wa tiba hufanya mafunzo tarajali ya miezi 12, na tangu mwaka 2003 huongeza mwaka mmoja wa kuutumikia umma. Jirani zetu wa Kenya walipitisha mwaka 2014 sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia, ili kazi hii iwe na mlango na mlinzi wa mlango. Sisi wenyewe hatukubali daktari wa binadamu aanze kazi bila kufanya mafunzo tarajali. Kwa nini anayegusa akili ya mtoto atoke chuoni na cheti cha unadhifu?

Wala hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilipoamua kwamba elimu ya msingi kwa wote ifikiwe mwaka 1977, walimu hawakutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba wakafunzwa ualimu huku wakifundisha, na wakufunzi wakawafuata huko huko vijijini. Tunazijua kasoro za mpango ule. Ubora ulilalamikiwa, na waliolalamika hawakuwa wakisema uongo. Lakini tuangalie wazo lililokuwa ndani yake: mkufunzi alitakiwa amfuate mwanafunzi mahali pa kazi, amwone akifundisha, amsahihishe. Leo, kwa barabara za lami na simu mfukoni, msimamizi wa chuo kikuu anashindwa kuvuka uwanja wa shule kutoka ofisi ya mwalimu mkuu hadi mlango wa kitengo.

Nini kifanyike? Napendekeza mambo matano, na hakuna hata moja linalohitaji mkopo wa nje.

Kwanza, muda. Mwanafunzi akae kitengoni muhula mzima wa shule, aanze siku watoto wanapofungua na aondoke siku wanapofunga. Kuja kwake na kuondoka kwake kuelezwe kwa watoto mapema, kwa picha na kalenda ya ukutani, kama walimu wa vitengo wanavyojua kufanya.

Pili, mwalimu wa kitengo apewe na chuo barua ya uteuzi kama mkufunzi wa vitendo, apewe posho yake, na alama zake ziwe angalau nusu ya alama zote za mafunzo hayo. Naye mzazi aulizwe. Mzazi ndiye anayejua kama mtoto aliyerudi nyumbani Ijumaa ni yule yule aliyeondoka Jumatatu.

Tatu, msimamizi wa chuo aingie darasani. Akae sakafuni ikibidi. Afike mara kwa mara, si mara moja, na kila anapofika asome daftari la maendeleo ya mtoto kabla ya kusoma daftari la mwanafunzi. Asiyeweza kufika kwa sababu ana wanafunzi 60 waliotawanyika mikoa mitano, na aseme hivyo kwa maandishi, ili tujue kwamba tatizo ni la ajira, tuache kulificha chini ya saini.

Nne, fomu ibadilishwe. Swali la kwanza liwe: mtoto aliyekabidhiwa alikuwa anaweza nini siku ya kwanza, na anaweza nini leo? Huenda jibu likawa dogo sana: anaonyesha kwa kidole kikombe cha maji badala ya kupiga kelele. Jibu hilo dogo lina thamani kuliko safu nzima ya unadhifu. Na mwanafunzi asiondoke bila kuacha kitengoni maelezo ya kazi yake kwa Kiswahili, yatakayosomwa na mwalimu, na mzazi, na mwanafunzi atakayekuja baada yake.

Tano, mipaka. Mwanafunzi asimtangaze mtoto kuwa na usonji au kutokuwa nao. Hiyo si kazi yake bado. Asiachwe peke yake na mtoto. Asimpige, kwa jina lolote la kitaalamu litakalopewa kofi hilo. Asipige picha ya mtoto na kuirusha mitandaoni ili kuonyesha moyo wake wa huruma. Na mzazi aombwe idhini kabla, kwa lugha anayoielewa, akiwa na haki ya kukataa bila mtoto wake kupoteza nafasi.

Haya yote yanahitaji maofisa kukaa meza moja. Mwalimu wa kitengo ameajiriwa chini ya TAMISEMI. Mtaala wake uko Wizara ya Elimu. Anayepaswa kuthibitisha hali ya mtoto yuko hospitali, kwenye Wizara ya Afya. Mwanafunzi yuko chini ya chuo chake, na chuo kinasimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu. Mtoto ni mmoja, na milango ni minne, na kila mlango una mtu anayeuelekezea mlango mwingine kidole. Tunayo Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Tuliandika Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa mwaka 2021/22 hadi 2025/26. Kwa karatasi hatuna upungufu. Upungufu wetu ni wa mtu wa kuinua simu na kusema: nitume nakala ya makubaliano, tutie saini wiki hii.

Nawageukia wasomaji wa ukurasa huu, kwa sababu wengi wenu ni walimu na watumishi wa umma, na kalamu ya saini iko mikononi mwenu. Mwalimu mkuu, unayo haki ya kukikatalia chuo kinacholeta wanafunzi bila msimamizi. Hakuna sheria inayokulazimisha kupokea wageni wasio na mwenyewe. Afisa elimu, unayo haki ya kuuliza chuo kwa barua ni nani atakayefika, lini, na ataingia darasa gani. Mkufunzi wa chuo kikuu, unayo haki ya kuliambia baraza la idara yako kwamba huwezi kutoa alama kwa kazi usiyoiona. Na wewe mwanafunzi, ambaye huenda unasoma haya ukisubiri barua ya kituo chako, unayo haki ya kudai kufundishwa. Ada unalipa, au unakopeshwa kwa jasho la wananchi. Usikubali kurudi na muhuri mtupu.

Katikati ya mwaka wanafunzi wengine watatawanywa vituoni. Baadhi yao watafika katika kitengo kile kile nilichokitembelea, na yule mama atawapokea, kwa kuwa hajapata kumfukuza mtu. Shime, ndugu zangu, safari hii msimamizi aliyeandamana nao avuke uwanja na kuingia darasani. Na siku ya kujaza fomu itakapofika, mwenye muhuri asiushike mpaka amemwita mwalimu wa kitengo na kumwuliza jambo moja: mtoto aliyekabidhiwa kijana huyu amepata nini? Kama mwalimu hana jibu, fomu irudi chuoni bila muhuri.